Apolo Kivebulaya: Mpiganaji Aliyeacha Nyara Akashika Jembe

Wengi wetu tumelisikia jina la Kanoni Apolo Kivebulaya likitajwa makanisani kila inapofika tarehe 30 Mei, lakini ni wachache wanaofahamu kwamba mtu huyo, kabla hajawa kasisi, alikuwa mpiganaji, na kwamba hata hilo jina la Kivebulaya alilipata kwa sababu ya koti la kijeshi. Leo tutayatazama maisha yake. Tutayatazama kwa macho ya watu waliovaa sare, kwa kuwa yapo mambo katika maisha ya mtu huyu ambayo askari atayaelewa upesi kuliko msomaji mwingine.

Alizaliwa katika Buganda, mahali paitwapo Kiwanda, yapata mwaka 1864, wakati wa utawala wa Kabaka Mutesa wa Kwanza. Alizaliwa pacha, na kwa desturi ya Baganda pacha wa kiume aliye mkubwa huitwa Waswa. Kwa hiyo jina lake la kwanza lilikuwa Waswa Munubi. Wazazi wake walikuwa wakulima wa kawaida, wala hawakuwa na cheo chochote katika baraza la Kabaka. Jambo hilo ni vizuri kulikumbuka, maana katika Buganda ya siku zile kijana wa mkulima aliyetaka kuinuka alikuwa na njia chache sana, nazo zote zilipita kwenye ua wa mkubwa fulani au kwenye uwanja wa vita.

Kijana huyo alikua wakati nchi inatikisika. Uislamu ulikuwa umekwisha kufika pamoja na wafanyabiashara kutoka pwani. Mwaka 1875 akaja Stanley, mwaka 1877 wakaja wamisionari wa kwanza Waprotestanti kutoka Uingereza, na mwaka 1879 wakaja mapadri Wakatoliki kutoka Ufaransa. Vijana wengi walianza kusoma, na neno kusoma likapata maana ya kushika dini, hata mtu aliyeitwa msomaji alikuwa ni mtu wa dini moja au nyingine. Kabaka Mwanga alipotawala baada ya baba yake mwaka 1884, wasomaji waliingia katika dhiki kubwa, na tarehe 3 Juni 1886 wengi wao walichomwa moto huko Namugongo. Mashahidi wale hawakuwa na bunduki wala jeshi. Waliomba, wakaimba, wakafa.

Lakini miaka miwili tu baadaye mambo yaligeuka. Mwaka 1888 wasomaji wa dini zote, Waislamu kwa Wakristo, waliungana wakamtoa Mwanga kitini. Kisha wakagombana wao kwa wao, na Wakristo wakafukuzwa wakakimbilia Ankole. Hapo dini ikawa ni jeshi. Kila upande ulikuwa na bunduki zake, majemadari wake, na hesabu zake za vyeo ambavyo ungegawana siku ya ushindi. Waswa alikuwa mmoja wa vijana waliochukuliwa na mkondo huo. Kwanza alikuwa katika upande wa Waislamu, baadaye akavuka kwenda kwa Wakristo. Tusimhukumu upesi. Vijana wengi wa wakati ule walivuka huku na huko, na aliyevuka hakuwa lazima amebadili moyo. Mara nyingi alikuwa amebadili kambi tu.

Na hapa ndipo ulipokuwa mtego mkubwa wa kizazi kile, mtego ambao haukutegwa na maadui wa dini bali na ushindi wenyewe. Mwanga alirudishwa kwa nguvu za Wakristo. Tarehe 24 Januari 1892 Waprotestanti na Wakatoliki wakapigana wenyewe huko Mengo, mbele ya macho ya Kapteni Lugard wa Kampuni ya Kiingereza, aliyeziingiza bunduki zake upande wa Waprotestanti. Baada ya hapo utemi na nyadhifa ziligawanywa kwa kufuata dini: eneo hili la Waprotestanti, eneo lile la Wakatoliki, na sehemu ndogo ikabaki kwa Waislamu. Mtu aliyeshika dini ya upande wenye nguvu aliweza kupata cheo, ardhi, watu wa kumlimia, na ng'ombe. Hakuna aliyehitaji kumkana Mungu ili apate hayo. Alihitaji tu kumtaja kwa sauti kubwa na katika foleni iliyo sahihi. Namugongo mtu aliambiwa achague. Mengo hakuna aliyemwambia achague, na kwa hiyo wengi hawakuchagua.

Kabla ya vita hivyo vya Mengo, mwaka 1891, Lugard alikuwa amefanya safari ndefu kwenda magharibi, na Waswa alikuwamo katika msafara huo. Walipita Ankole wakafika Toro, wakamrudisha Kasagama katika kiti cha baba zake, kiti ambacho Kabalega wa Bunyoro alikuwa amekitwaa. Kisha Lugard akaendelea mpaka karibu na mwisho wa kusini wa Ziwa Albert, akawachukua askari wa Kisudani walioachwa huko tangu siku za Emin Pasha, na wengi wao akawaweka katika ngome za Toro. Askari wale hawakupewa malipo ya kueleweka wala usimamizi wa kutosha, nao waliishi kwa kuwanyang'anya wenyeji, hata mwaka 1893 Waingereza wenyewe wakaona afadhali kuwaondoa katika ngome zile. Kila ofisa aliyewahi kukabidhiwa kituo cha mbali anajua jinsi jambo hilo linavyoanza: kwanza kuku mmoja, halafu mbuzi, halafu kijiji kizima kinaingia porini kikisikia kwamba askari wanakuja.

Waswa aliyaona hayo yote. Aliuona mlima Ruwenzori, ambao kilele chake kina urefu wa mita 5,109, akaliona bonde la mto Semliki upande wa pili, na nyuma ya bonde ile milima ya Kongo na msitu usio na mwisho. Alikwenda huko mara ya kwanza kama mtu wa msafara wenye silaha. Mara ya pili alikwenda kwa namna nyingine.

Juu ya kanzu yake nyeupe alikuwa na mazoea ya kuvaa koti jekundu la kijeshi lililoshonwa Ulaya, na watu wakampachika jina la Kivebulaya, yaani kitu kitokacho Ulaya. Neno lenyewe Bulaya ni hilo hilo Ulaya la Kiswahili, lililopanda kutoka pwani pamoja na misafara. Jina hilo la mzaha lilimganda mpaka kaburini, na la kuchekesha ni kwamba mtu huyu aliyeitwa kitu cha Ulaya ndiye aliyekwenda mahali ambapo Mzungu hakuwa na haraka ya kukaa.

Mwishoni mwa mwaka 1893 palitokea katika Kanisa la Namirembe uamsho mkubwa. Ulianza baada ya mmisionari George Pilkington kukaa peke yake katika kisiwa cha Kome akiwa amevunjika moyo, na kurudi akiwa mtu mpya. Pilkington na wenzake waliwaambia waumini wao waziwazi kwamba dini yao ilikuwa imekuwa ya mdomo. Baraza la Kanisa likaanza kutuma walimu katika wilaya zote, na hata nje ya mipaka ya Buganda. Katika mwamko huo Waswa akajiandikisha kwa mafundisho ya ubatizo, akabatizwa mwezi Januari 1895, akaitwa Apolo. Alikuwa na umri wa miaka thelathini hivi. Haukupita muda akaomba kwenda Toro kuwa mwalimu.

Ili tuelewe uzito wa ombi hilo, tumtazame kidogo mwenzake wa rika lake, Semei Kakungulu. Huyo naye alikuwa Mprotestanti na mpiganaji wa vita vile vile, hodari kupita wengi. Mwaka 1899 alikuwamo katika kukamatwa kwa Mwanga na Kabalega huko Lango. Aliiteka sehemu kubwa ya mashariki ya Uganda akitumaini kufanywa mfalme wa huko, lakini Waingereza walipokwisha kumtumia wakampunguzia madaraka hatua kwa hatua, mpaka akajitenga nao na hata na Kanisa lake, akafa mwaka 1928 na uchungu wake. Simtaji ili nimdharau, maana kazi aliyoifanya ni kubwa na barabara alizofungua zinajulikana. Namtaja kwa sababu mlango aliopita Kakungulu ulikuwa wazi kwa Apolo pia, angalau kwa kipimo cha mtu wa tabaka lake. Mpiganaji aliyekwisha kusafiri na Lugard, anayejua kusoma, aliyebatizwa katika dini ya upande ulioshinda, angekosaje utemi mdogo wa kijiji na shamba la migomba? Apolo hakubisha hodi katika mlango huo. Wahenga walisema njia mbili zilimshinda fisi, naye inaonekana aliamua mapema ni njia ipi.

Huko Toro alimkuta Kasagama akiwa katika matatizo na maofisa wa Kiingereza. Kasagama alipelekwa Kampala mwaka 1895 akiwa mshtakiwa, akaonekana hana hatia, na mwezi Machi 1896 akabatizwa huko kwa jina la Daudi. Aliporudi akataka walimu katika nchi yake yote na hata ng'ambo ya Semliki, mahali paitwapo Mboga, ambapo leo watu wengi hupaita Boga. Askari wetu wengi wanalijua jina hilo kwa sababu nyingine. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Mei 2021 waasi waliishambulia Boga na jirani yake Tchabi, wakaua watu zaidi ya 50, na mwezi Novemba mwaka huo majeshi ya Uganda na ya Kongo yalianza operesheni ya pamoja katika majimbo ya Kivu Kaskazini na Ituri. Basi ni hapo hapo.

Walimu wawili wa Kiganda, Petero Nsugerwa na Sedulaka Makwata, ndio waliotangulia kwenda Mboga. Walishindwa. Hawakuuawa wala hawakuchomwa moto. Walishindwa kwa njaa. Mtawala wa Mboga, Tabaro, aliyekuwa wa kabila la Bahema, hakupendezwa na mafundisho yao, akakataza watu wasiwape chakula. Walimu wale walikuwa watu wa imani, na pengine wangekuwa tayari hata kufa. Lakini katika Buganda mwanamume hakulima chakula. Kulima migomba na viazi ilikuwa kazi ya wanawake, na mwanamume wa heshima alijenga nyumba, alitengeneza barabara, alipigana vita, alikaa barazani. Kushika jembe mbele ya watu wa nchi ngeni ilikuwa ni aibu isiyovumilika. Wakarudi Toro.

Apolo akaenda mahali pao, katika mwaka huo huo wa 1896, akashika jembe.

Naliona tendo hilo kuwa ndilo kubwa kuliko yote katika maisha yake, ingawa waandishi wengi hulipita upesi wakikimbilia habari za gereza na msitu. Mtu anaweza kujitayarisha kwa miaka mingi kwa ajili ya jaribu kubwa, akilingojea kama askari anavyoingoja amri ya kushambulia, kisha akaangushwa na jambo dogo kama cheo chake mbele ya wanaume wenzake. Katika chuo cha makadeti mkufunzi mmoja alikuwa akituamuru kuchimba vyoo vya kambi siku ya kwanza kabisa, sisi tuliofika na vyeti vyetu na viatu vinavyong'aa, na walioacha mafunzo wiki ile hawakuacha kwa sababu ya milio ya risasi. Apolo alikuwa amekwisha kuvaa koti jekundu. Alikuwa amekwisha kushika bunduki. Sasa alishika chombo cha mwanamke, akainama shambani mbele ya watu wa Tabaro waliomcheka, akala alichokilima, na hivyo akaondoa mikononi mwa mtawala silaha moja iliyowafukuza waliomtangulia.

Tabaro alikuwa na silaha nyingine. Apolo alipigwa, kibanda chake kikaharibiwa, na watu waliokuja kujifunza kusoma wakatishwa. Wanawake walikuwa miongoni mwa wa kwanza kumsikiliza, jambo lisiloshangaza. Hata hivyo aliendelea. Alifundisha herufi chini ya mti, kwa karatasi za silabi walizozitumia wasomaji wa Buganda, na siku zilizobaki alilima na kujenga. Kiongozi yeyote wa kikosi atatambua namna hiyo ya kazi. Haina sifa, haina taarifa za kupeleka makao makuu, nayo ndiyo inayoshikilia kituo.

Mwaka 1898 ikatokea ajali. Apolo alikuwa na mkuki wake, kama ilivyokuwa desturi ya mwanamume yeyote wa nchi ile yenye chui na simba. Mkuki ule ulikuwa katika majani, mahali pa kazi ya ujenzi, na dada yake Tabaro akauangukia, akafa. Msomaji aliyefunzwa silaha hana haja ya kuelezwa. Silaha iliyoachwa bila mwangalizi haichagui adui, na hata mtakatifu akiiacha itafanya kazi yake. Kwa Tabaro tukio hilo lilikuwa ni ushahidi alioungoja. Apolo alishtakiwa kwa kuua, akafungwa, akapelekwa ng'ambo ya Semliki mpaka kwenye boma la Waingereza huko Toro, akawekwa gerezani.

Tupime hali yake ilivyokuwa. Aliyekufa alikuwa ni mwanamke asiye na kosa. Mkuki ulikuwa wake. Waumini wake wachache walikuwa wamebaki Mboga mikononi mwa mtawala mwenye hasira. Yeye mwenyewe alikuwa katika minyororo mbele ya watu wale wale wa Serikali ambao zamani alisafiri pamoja nao, na watu wa Toro waliomjua kama mwalimu walimwona sasa kama mwuaji. Kama alikuwa na mawazo yoyote ya kurudi nyumbani Buganda, ambako nduguze wa vita vya 1889 walikuwa sasa ni watu wakubwa, basi ilikuwa ni saa ile.

Yeye mwenyewe alisimulia baadaye kwamba katika usiku mmoja wa dhiki hiyo alimwona Yesu Kristo, uso wake ukiangaza kama jua, akimwambia asiogope kwa kuwa yeye yu pamoja naye. Aliirudia habari hiyo mara nyingi katika maisha yake, kwa maneno machache, bila kuipamba. Anayeamini ataamini, na asiyeamini atasema ni ndoto ya mfungwa mwenye njaa. Lakini hata huyo wa pili itambidi aeleze lililofuata. Apolo alipoachiliwa, baada ya kuonekana kwamba kifo kile kilikuwa ni ajali, hakwenda mashariki. Alivuka tena Semliki, akarudi Mboga, katika mji wa Tabaro, kwa ndugu wa marehemu.

Waliomwona akirudi walistaajabu. Kwa desturi ya nchi, mtu aliyemwaga damu ya ukoo wa mtawala hurudi kwa jeshi au harudi kabisa. Huyu alirudi peke yake na kuendelea kufundisha. Baada ya muda Tabaro mwenyewe alikuja kusikiliza. Akaomba mafundisho, akabatizwa, akaitwa Paulo, kwa jina la mtu mwingine aliyelitesa Kanisa kabla ya kulitumikia.

Miaka iliyofuata nitaipita haraka. Tangu mwaka 1899 hadi 1915 Apolo alifanya kazi zaidi katika Toro, akitembea kwa miguu kutoka kijiji hadi kijiji. Mwaka 1900 aliwekwa wakfu kuwa shemasi, na mwaka 1903 kuwa kasisi. Ni vema tukumbuke ni jambo gani jingine lilitokea katika mwaka huo wa 1900. Yalitiwa sahihi Mapatano ya Buganda, na katika mapatano hayo maili za mraba 8,000 za ardhi ziligawiwa kwa watemi na watu binafsi wapatao 1,000. Waliokuwa karibu na Mengo walipata. Waliokuwa mbali walisahauliwa au walichelewa, na ndugu kwa ndugu walishtakiana kwa miaka mingi juu ya mipaka ya viwanja. Shemasi Apolo hakuwamo katika shindano hilo. Alikuwa Toro.

Hakuoa. Katika Buganda na hata Toro mwanamume asiye na mke alihesabiwa kuwa bado mtoto, hana nyumba, hana wa kumpikia mgeni, na hana sauti barazani. Wakati mwingine tunadhani kwamba mtu wa namna hiyo hapendi watoto au anawaogopa wanawake. Nyumba ya Apolo ilijaa watoto, yatima na wanafunzi, waliolelewa naye wakala chakula chake. Mshahara mdogo aliopewa na Kanisa aliutumia kwa ajili yao na kwa ajili ya walimu aliowatuma mbele. Sijasema haya ili kumwambia askari asioe; Kanisa lake mwenyewe halikumtaka aishi hivyo, na makasisi wenzake walikuwa na wake zao. Nasema kwamba kila kitu ambacho kingeweza kumwita arudi nyuma alikitazama, na kilichohitaji nusu ya moyo wake hakukichukua.

Kwa askari na polisi neno hilo la nusu ya moyo halihitaji tafsiri. Mwisho wa mwezi mshahara unapotoka, kantini iko karibu kuliko ofisi ya posta. Polisi anayesimama kwenye kizuizi cha barabarani huona mkono wa dereva ukija na kitu kilichokunjwa ndani ya leseni, na Jumapili yeye huyo huyo ni mzee wa kanisa katika kota. Hajamkana Mungu. Amemtengea siku yake. Wasomaji wa Mengo walifanya vivyo hivyo, nao walikuwa watu waliowaona wenzao wakichomwa moto kwa ajili ya imani.

Wakati Apolo akiwa Toro, wakubwa wa Ulaya walikuwa wanachora ramani. Mwaka 1910 Waingereza na Wabelgiji walikubaliana juu ya mpaka, Semliki ikawa sehemu ya mstari huo, na Mboga, ambayo watu wa Namirembe waliihesabu kuwa ni yao, ikawa upande wa Kongo ya Wabelgiji. Wakristo wa huko wakabaki kama kikosi kilichokatiwa njia ya nyuma. Baada ya mpaka kuthibitishwa mwaka 1915, Apolo alirudi kwao. Alikuwa na umri wa miaka hamsini, umri ambao mtu huomba kituo chenye barabara na hospitali. Alikuta kundi limepungua na mashamba ya imani yameota magugu, akaanza tena.

Mwaka 1921 alisimulia kwamba alimwona tena Kristo, safari hii akimwagiza aende kwa watu wa msituni. Watu hao walikuwa Bambuti wa msitu wa Ituri, ambao wenyeji wengine waliwaita mbilikimo na kuwadharau. Bambuti waliishi kwa kuwinda kwa nyavu na pinde, wakahama kila mara, na kubadilishana nyama kwa ndizi na wakulima wa pembeni mwa msitu. Wakulima wale waliwahesabu kama mali yao, na wazo la kwamba Bambuti wangeketi nao katika benchi moja la kanisa lilionekana ni kichekesho. Hapakuwa na faida yoyote ya kidunia katika kazi hiyo. Hakuna mtemi wa Bambuti aliyeweza kumpa mwalimu ng'ombe, wala hakuna Serikali iliyotaka kura zao.

Apolo aliingia msituni. Alipofika walikimbia, akarudi tena. Alijifunza kukaa kimya na kungoja, akajifunza maneno yao, na katika miaka ya mwisho ya maisha yake ikafanyika kazi ya kuitia Injili ya Marko katika lugha yao. Baadhi yao walibatizwa kabla hajafa. Mwaka 1922, mwaka mmoja tu baada ya kuanza kazi hiyo, Kanisa lilimfanya kanoni wa Namirembe, heshima ambayo makasisi Waafrika wachache sana walikuwa nayo wakati ule. Aliipokea, akarudi msituni.

Yatupasa pia kuwa waangalifu. Habari zake nyingi zilienezwa Ulaya na mmisionari Albert Lloyd, aliyemfahamu kwa miaka mingi na kuandika vitabu juu yake, na vitabu hivyo viliandikwa ili wasomaji wa Kiingereza wafurahi na watoe michango. Humo Apolo hana kasoro hata moja. Mimi hupendelea zaidi habari za shajara zake, alizoziandika mwenyewe kwa Kiganda: safari, mahali alipolala, watu aliowafundisha na kuwabatiza. Zinafanana na kitabu cha zamu cha kituo cha polisi. Mtu anayeandika hivyo mwaka hadi mwaka hana haja ya kusifiwa na mtu mwingine.

Mwaka 1933, akiwa na umri wa miaka sabini kasoro, moyo wake ulianza kushindwa. Alipelekwa Mengo kutibiwa, na madaktari walipoona kwamba hakuna la kufanya, ndugu na marafiki walitaka abaki Buganda, nchi aliyozaliwa, apumzike na kuzikwa kwa heshima zinazomstahili kanoni. Akakataa. Akaomba arudishwe Boga angali hai. Safari ile, kwa njia za wakati ule na kwa mtu mwenye ugonjwa wa moyo, ilikuwa ni mateso, lakini alifika, akaagana na watu wake, akafariki tarehe 30 Mei 1933.

Aliacha agizo moja juu ya mazishi yake. Desturi ilikuwa kumlaza marehemu kichwa kikielekea mashariki. Apolo alitaka kichwa chake kielekezwe magharibi, upande wa msitu, kwa sababu kazi ya huko ilikuwa haijaisha. Wakamzika hivyo. Walimu aliowaacha walikuwa wachache, wengi wao bila mshahara wa kutosha, nao wakaendelea kuingia magharibi zaidi, katika nchi ambazo lugha ya kuelewana ilikuwa ni Kiswahili. Mwaka 1972 Boga ikawa makao ya askofu, na mwaka 1992 Kanisa lililoanzia katika shamba lile la Apolo likawa jimbo kamili linalojitegemea, lenye Maaskofu wake.